Xeon Silver 4216 au EPYC 7302P: ipi inafaa seva ya hospitali?

Swali limetoka kwa msomaji anayesimamia TEHAMA katika hospitali moja ya misheni, Kanda ya Ziwa. Anasema: "Tumepata bajeti ya seva moja. Nina profoma mbili za seva zilizotumika, zote zinatoka Dubai. Ya kwanza ina Xeon Silver 4216 na RAM ya GB 192. Ya pili ina EPYC 7302P na RAM ya GB 128, na bei yake imezidi kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Zote ni kori 16. Tutaweka Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe) na mashine pepe kama kumi, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja: mfumo wa wagonjwa unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL, hifadhi ya picha za eksirei, Windows Server moja ya uhasibu, na mafaili ya ofisi. Seva yetu ya zamani yenye Xeon E5-2650 v4 itabaki kama akiba. Je, hiyo EPYC inastahili nyongeza yote hiyo? Nimeambatanisha profoma."

Dada yangu, nianze na uamuzi, maelezo yafuate. Tukizitoa prosesa hizi mbili kwenye seva zake na kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, EPYC 7302P inaishinda Xeon Silver 4216 kwa mbali. Ila seva ya EPYC kama ilivyoandikwa kwenye profoma hiyo usiilipie. Mstari wa RAM unasema vipande viwili vya GB 64, na hapo ndipo sehemu kubwa ya nyongeza yako ingepotelea.

Zote mbili ni za mwaka 2019. Intel ilitoa Silver 4216 mwezi Aprili, katika kizazi cha Cascade Lake; AMD ikatoa 7302P mwezi Agosti, katika kizazi cha Rome. Zote zina kori 16 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake) na thredi 32, ndiyo maana ni rahisi kwa muuzaji kukuambia kwamba ni kitu kilekile. Bei za orodha zilipotoka zilikuwa dola 1,002 kwa Xeon na dola 825 kwa EPYC. Bei hizo zisikusumbue sasa, soko la vifaa vilivyotumika lina hesabu zake.

Tofauti inaanzia kwenye kasi. Xeon hii ina kasi ya msingi ya GHz 2.1 na inaweza kupanda hadi 3.2. EPYC ina msingi wa 3.0 na kilele cha 3.3. Ukitazama vilele peke yake utaona zinalingana, na kweli, kazi moja ndogo ikiwa peke yake usiku haitakuonyesha tofauti kubwa. Lakini hospitali haifanyi kazi hivyo. Saa tatu asubuhi mapokezi wanasajili, maabara wanaingiza majibu, famasia wanatoa dawa na uhasibu wanachapa ripoti. Kori nyingi zinapobanwa kwa pamoja, prosesa huteremka kutoka kwenye kilele chake ili isivuke kiwango chake cha umeme na joto, na namba uliyohakikishiwa na mtengenezaji ni ile ya msingi. Hapo 3.0 dhidi ya 2.1 ni pengo kubwa, na kori za Zen 2 zilizo ndani ya EPYC hazizidiwi na zile za Cascade Lake kwa kazi zinazofanyika katika kila mzunguko.

Kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, nayo inasema mengi, ingawa namba yake inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Xeon ina MB 22 za kashe ya L3 zinazotumiwa na kori zote 16. EPYC ina MB 128. Usidhani lakini kwamba kila kori inaweza kujitanua kwenye MB hizo zote 128. Ndani ya 7302P kori zimepangwa wawiliwawili, makundi manane, na kila kundi lina MB 16 zake. Data ya kundi moja haikai kwenye kashe ya kundi jingine. Kwa mashine pepe nyingi ndogo mpangilio huu ni mzuri sana, kwa sababu jirani mwenye fujo hakufukuzii data yako. Kwa mashine pepe moja kubwa ya kori nane inayosambaa kwenye makundi manne, mawasiliano kati ya kundi na kundi yana gharama yake, na hapo Xeon, ambayo kori zake zote ziko kwenye kipande kimoja cha silikoni, inakuwa na mwendo ulio sawa zaidi. Kwako wewe PostgreSQL ndiyo mashine kubwa. Ningeipa kori sita au nane na ningetegemea EPYC bado iongoze.

Sasa RAM, na hapa naomba usome polepole.

EPYC ya kizazi hiki ina chaneli nane za RAM, yaani njia za kupitisha data kati ya RAM na prosesa, kila moja ikikimbia hadi DDR4-3200. Xeon Silver 4216 ina chaneli sita, na mwisho wake ni DDR4-2400. Chaneli moja ya DDR4-3200 inabeba GB 25.6 kwa sekunde, ya 2400 inabeba GB 19.2. Kwa hiyo EPYC ikijazwa chaneli zote inafika GB 204.8 kwa sekunde, na Xeon ikijazwa inafika GB 115.2. Hayo ni makadirio ya juu kabisa kwenye karatasi. Kipimo halisi huwa chini yake, lakini uwiano unabaki.

Neno lenye uzito hapo ni "ikijazwa". Kila chaneli inahitaji angalau kipande kimoja cha RAM. Profoma ya EPYC ina vipande viwili, maana yake chaneli mbili tu ndizo zitakazofanya kazi: GB 51.2 kwa sekunde. Profoma ya Xeon ina vipande sita vya GB 32, chaneli zote sita zimejaa: GB 115.2. Umeona kilichotokea? Prosesa yenye njia pana zaidi imefungwa hadi ikawa na chini ya nusu ya upana wa ile nyingine. Ni kama hospitali iliyojenga madirisha manane ya malipo kisha ikaajiri wahudumu wawili. Foleni haijali idadi ya madirisha.

PostgreSQL inayosoma majedwali makubwa, mashine pepe kumi zinazogombea RAM, ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski) inayohifadhi data kwenye RAM kabla ya kugusa diski: vyote hivyo vinakula upana huo. Wauzaji wa seva zilizotumika hupenda vipande vikubwa vichache kwa sababu profoma inaonekana safi na nafasi zinabaki wazi za kuongezea, na mnunuzi huangalia jumla ya GB peke yake. Mwambie abadilishe: vipande vinane vya GB 16, kila chaneli kipande kimoja. Jumla inabaki GB 128 ileile. Uliza pia seva ina nafasi ngapi za RAM. Ikiwa na nafasi 16, kesho unaongeza vinane vingine bila kutupa chochote. Ikiwa na nane tu, jitahidi kupata vinane vya GB 32 tangu mwanzo, maana baadaye kuongeza kutamaanisha kuondoa vyote.

Seva ikifika, usiamini kibandiko. Ingia kwenye Proxmox uandike `dmidecode -t memory`. Kwa kila nafasi utaona ukubwa wa kipande, mahali kilipo, na mstari wa "Configured Memory Speed". Huo mstari ndio kasi inayotumika kweli. Ukiona 2666 kwenye EPYC uliyoambiwa ni 3200, ama vipande ni vya kasi ya chini, ama mazabodi ni ya zamani. Hili la pili lina uzito. Soketi ya SP3, yaani kikalio cha prosesa hizi kwenye mazabodi, ilianza mwaka 2017 na EPYC za kwanza, na baadhi ya mazabodi za wakati ule zinapokea Rome baada ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) kusasishwa, lakini zinabaki kwenye PCIe 3.0 na RAM yake haifiki 3200. Uliza modeli kamili ya seva kabla ya kulipa, kisha soma mwongozo wake kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kwenye PCIe, yaani njia zinazounganisha diski na kadi na prosesa, EPYC ina leni 128 za PCIe 4.0, Xeon ina leni 48 za PCIe 3.0. Diski moja ya NVMe, aina ya haraka inayounganishwa moja kwa moja na PCIe, hutumia leni nne: karibu GB 3.9 kwa sekunde kwenye PCIe 3.0, karibu mara mbili yake kwenye 4.0. Kwa diski nne au sita ulizonazo kwenye mpango, leni 48 zinatosha kabisa. Faida ya EPYC hapa utaiona siku utakapotaka kuongeza diski nyingi za picha na kadi ya mtandao ya gigabiti 25. Picha za eksirei zenyewe haziisumbui prosesa. Zinataka nafasi ya diski na mtandao mzuri.

Hapo ndipo nataka ufanye jambo moja kabla ya kuamua lolote. Nenda kwenye seva ya zamani, sakinisha `sysstat`, uiache ikusanye takwimu wiki nzima ya kazi, Jumatatu ikiwemo. Kisha soma ripoti ya `sar -u` kwa saa za asubuhi. Safu ya `%iowait`, muda ambao prosesa inasubiri diski, ikiwa inapanda hadi kumi, kumi na tano na zaidi huku `%user` ikiwa chini, tatizo lako ni diski. Hakuna prosesa itakayolitibu. Ukitaka kuona kwa macho papo hapo watu wakilalamika kwamba mfumo umeganda, andika `vmstat 1` uangalie safu ya `wa`, na safu ya `r` inayoonyesha kazi zinazoendeshwa au zinazosubiri kori. Ikiwa `r` haizidi idadi ya kori hata asubuhi yenye fujo, E5-2650 v4 yako yenye kori 12 za mwaka 2016 bado inahema vizuri, na prosesa yoyote kati ya hizi mbili itakutosha na chenji.

Matokeo yakiwa hivyo, nitabadilisha ushauri wangu bila kusita: chukua Xeon, na milioni moja na laki mbili ununulie diski mbili za NVMe za daraja la seva, zile zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. PostgreSQL haithibitishi muamala mpaka diski iseme imeandika. Diski za kompyuta za mezani huandika polepole sana kwa mtindo huo, na zenye kapasita hujibu mara moja kwa usalama. Nimeona hospitali na SACCOS zikibadilisha seva nzima kwa ajili ya ugonjwa ambao diski mbili zingeutibu, na inaniuma kwa sababu fedha hizo ni za wagonjwa na za wanachama.

Ukiweza kumshawishi muuzaji akuwashie seva kwa saa moja na kukupa njia ya SSH, ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, jaribu hivi. Tengeneza hifadhidata ya majaribio kwa `pgbench -i -s 300` (pgbench ni programu ya kupima inayokuja na PostgreSQL), itakuwa na ukubwa wa karibu GB 4.5. Endesha kwanza `pgbench -S -c 32 -j 16 -T 600`. Hiyo ni kusoma tu, na kwa kuwa data yote inaingia kwenye RAM unapima prosesa na RAM bila diski kuingilia. Kisha rudia bila `-S`, ambapo diski inaingia mchezoni. Fanya hivyohivyo kwenye seva yako ya zamani. Utakuwa na namba nne au sita za kwako mwenyewe, na zina thamani kuliko majedwali yote ya majaribio ya watu wengine, ambayo mara nyingi yanafanywa kwenye mashine zilizojazwa RAM kila chaneli.

Leseni. Kwa utaratibu wa kawaida, Windows Server Standard hulipiwa kwa kori halisi za mashine, kuanzia kori 16 kwa seva, na ukishazilipia zote unaruhusiwa kuendesha Windows mbili ndani ya mashine pepe. Seva zote mbili zina kori 16, kwa hiyo hapa ni sare. Jihadhari tu muuzaji asikuongezee Xeon ya pili kama ofa. Kori zitakuwa 32, na leseni ya ile Windows moja ya uhasibu itaongezeka maradufu hata kama umeipa kori nne. EPYC yako haina mtego huo: herufi P mwishoni mwa 7302P maana yake ni prosesa ya soketi moja tu.

Umeme ni hesabu fupi. Kiwango cha joto kilichotajwa na watengenezaji ni wati 100 kwa Xeon na wati 155 kwa EPYC. Chukulia hali mbaya kabisa, kwamba tofauti ya wati 55 inadumu mchana na usiku mwaka mzima: ni uniti kama 482. Kwa shilingi 350 kwa uniti inakuwa karibu shilingi 169,000 kwa mwaka, bila kuhesabu kiyoyozi. Kiuhalisia itakuwa pungufu, kwa sababu seva hukaa muda mwingi bila kazi nzito. Kwa hospitali yenu bili hainisumbui sana; linalonisumbua ni UPS. Pima seva inakula wati ngapi ikiwa imebanwa, kisha hakikisha betri zinaibeba mpaka jenereta iwake na voltiji itulie.

Kuna kufuli ambalo wanunuzi wengi wa EPYC zilizotumika hawalijui. AMD iliweka ndani ya prosesa uwezo wa kuifunga kwa mtengenezaji mmoja wa seva, ili ikubali BIOS yenye saini ya kampuni hiyo peke yake. Dell ni mmoja wa waliotumia uwezo huo. Kufunga huko hufanyika mara moja na hakufunguki. Ukinunua seva nzima iliyokamilika halikuathiri leo. Litakuathiri mazabodi ikifa na ukataka kuhamishia prosesa kwenye mazabodi ya Supermicro: haitawaka. Vilevile ukitafuta prosesa ya kuboresha baadaye, muulize anayeiuza ilitoka kwenye seva ya nani. Xeon za kizazi hiki hazina usumbufu huo.

Na kuboresha ni hoja nzuri upande wa EPYC. Seva nyingi za Rome zinapokea pia Milan, kizazi cha Machi 2021, baada ya kusasisha BIOS. Miaka mitatu ijayo, bei zikiwa zimeshuka zaidi, unaweza kutia Milan ya kori 32 kwenye mashine ileile. Soketi ya Xeon yako, LGA3647, iliishia kwenye Cascade Lake; unaweza kupata Gold yenye kasi zaidi, lakini si kizazi kipya.

Seva ya akiba ni jambo la kufikiria mapema. Mashine pepe inayokimbia haihamishwi kwa uhakika kutoka Intel kwenda AMD bila kuzimwa. Proxmox haikupi dhamana ya hilo. Ukichukua Xeon, na mashine pepe ukazipa aina ya prosesa ambayo seva zote mbili zinaielewa, unaweza kuzihamisha zikiwa hai. Ukichukua EPYC utazima, uhamishe, uwashe. Kunakili data kwa ZFS kati ya seva hizo mbili kunakwenda vilevile bila kujali prosesa, kwa hiyo siku seva kuu ikifa ghafla hali yako ni moja kwa zote mbili: unawasha nakala kwenye ile ya akiba. Kwa matengenezo ya usiku, dakika chache za kuzima hazitamdhuru mgonjwa mkikubaliana mapema na wodi na maabara. Mimi nisingeacha EPYC kwa sababu hii peke yake.

Kama mna mpango wa kuendesha programu za akili mnemba za kusoma eksirei kwa kutumia prosesa bila kadi ya michoro, Xeon ina amri za AVX-512 na nyongeza ya VNNI iliyotengenezwa kwa hesabu za aina hiyo. Rome inaishia AVX2. Kama mpango huo haupo, lisahau.

Usalama hauamui mshindi. Mwaka 2023 kila upande ulipata pigo lake, udhaifu ndani ya prosesa unaoweza kuvujisha data: Zenbleed kwa Zen 2 mwezi Julai, Downfall kwa Intel, Cascade Lake ikiwemo, mwezi Agosti. Marekebisho ya zote mbili yapo. Seva iliyokaa ghalani huenda ina BIOS ya zamani, kwa hiyo isasishe kabla ya kuingiza hata jina moja la mgonjwa, na usakinishe `amd64-microcode` au `intel-microcode` kulingana na ulichonunua.

Kwa hiyo, `sar` ikikuonyesha kori za seva ya zamani zinabanwa kweli asubuhi, na muuzaji akakubali kubadilisha RAM, lipa nyongeza hiyo, inastahili. Akikataa, chukua Xeon bila kinyongo. Ikiwa na vipande vyake sita ni mashine iliyopangwa vizuri. Mwandikie leo: "Naomba profoma mpya ya EPYC 7302P yenye RAM 8 x 16 GB DDR4-3200 RDIMM, ukitaja modeli kamili ya seva, toleo la BIOS, idadi ya nafasi za RAM, na kama prosesa imefungwa kwa mtengenezaji. Naomba pia saa moja ya kuijaribu kwa SSH kabla ya malipo."